Naombeni ushauri: waini nyekundu ya mseto ya 2010, naifungua na kuionja vipi kwenye joto hili la Dodoma?

Mkazi_wa_Kisasa

Wakuu, habari za jioni. Nina chupa moja ya waini nyekundu ya Stellenbosch, Afrika Kusini, mavuno ya 2010. Lebo ya nyuma inasema ni mseto wa zabibu za Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc, kilevi 14%, kizibo ni cha koki. Jumamosi usiku tutakuwa wanne mezani na ndipo nataka ifunguliwe. Kwa sasa imelazwa kabatini, chumba kina feni tu, na Oktoba ya hapa mjini mnaijua.

Tumezoea waini tamu za hapa kwetu. Kavu na ya miaka mingi namna hii ni kitu kigeni mezani. Nifanye nini kuanzia leo mpaka inaingia kwenye glasi? Nitajuaje kama imeharibika au ndiyo ladha yake? Na tule na nini? Natanguliza shukrani.

Zabibu_Tamu

Ifungue Jumamosi asubuhi, iache wazi ipumue mpaka usiku. Waini nyekundu bila kupumua inakuwa kali.

Mtunza_Pishi

Hapana, usifanye hivyo. Kwanza, mdomo wa chupa ni mdogo kama sarafu, kwa hiyo kuiacha wazi bila kuimimina hakuingizi hewa ya maana. Pili, kupumua kunausaidia mvinyo mchanga wenye ukakasi mwingi. Huu wa miaka 15 hivi, hewa nyingi inauvunja. Harufu zake nzuri zinapeperuka na zikiondoka hazirudi.

Mkuu wa Kisasa, cha kwanza itoe chupa kabatini leo hii. Mvinyo wa kuhifadhi unataka nyuzi 12 mpaka 14, na zisipande na kushuka ovyo. Ukikaa wiki kadhaa juu ya nyuzi 25 unazeeka upesi, na kila joto linapopanda mvinyo unatanuka na kukisukuma kizibo. Isimamishe uikague kwenye mwanga. Kizibo kisiwe kimechomoza chini ya ule mfuniko wa bati jembamba, na pasiwe na michirizi mikavu ya mvinyo shingoni. Usawa wa mvinyo uwe ndani ya shingo au chini yake kidogo. Ukikuta umeshuka mpaka katikati ya bega la chupa, hewa imeshaingia, na hapo andaa chupa nyingine pembeni.

Halafu iweke kwenye friji, imesimama, rafu ya chini upande wa nyuma, siku mbili nzima. Usiiweke mlangoni, kwa sababu kila anayefungua friji anaitikisa. Kusimama ndiyo kazi yenyewe hapa. Kadiri miaka inavyopita rangi na tanini (ndizo zinazoleta ukakasi) zinashikana, zinakuwa nzito na kuzama, ndiyo mashapo utakayoyaona. Unaweza pia kukuta chembe zinazometa kama sukari, hiyo ni chumvi ya asidi ya tartariki iliyoganda. Vyote havina madhara, ila vikiingia kwenye glasi unasikia mchanga na uchungu. Chupa iliyotikiswa Jumamosi mchana itamiminika tope hata ungeimimina kwa ustadi gani.

Mkazi_wa_Kisasa

Asante sana mkuu, nimeshaisimamisha. Usawa uko shingoni, hakuna kuvuja. Ila si huwa tunaambiwa waini nyekundu isiwekwe kwenye friji?

Mtunza_Pishi

Wanaposema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, wanamaanisha vyumba vya mawe vya Ulaya ya zamani, nyuzi 16 mpaka 18. Sebule ya Dodoma mwezi huu jioni inaweza kuwa 28. Kwenye 28 kilevi cha 14% kinapanda puani na kufunika kila kitu, mvinyo unaonekana umepooza na unachoma. Kwenye nyuzi 4, moja kwa moja kutoka friji, harufu inalala na ukakasi unazidi. Lenga 16 unapomimina, maana kwenye glasi utapanda wenyewe.

Mkila saa mbili usiku, itoe kwenye friji saa kumi na mbili na nusu, iache imesimama mahali pasipo na jua wala jiko. Saa moja na nusu inatosha kufika karibu na hapo. Kama una kipimajoto cha jikoni kitie kwenye tone la kwanza utakalomimina. Ukikuta umepita 18, simamisha jagi lenye mvinyo kwenye beseni la maji na barafu kwa dakika chache. Barafu isiingie kwenye glasi hata kidogo.

Opena_ya_Mbao

Naongezea kwenye kizibo, maana wengi wanakwama pale. Koki ya miaka 15 inaweza kuwa laini kama mkate uliolowa upande wa chini na kavu upande wa juu. Opena ya mabawa mawili, yenye skrubu nene kama keekee, inaichimba na kuibomoa. Tafuta ile ya wahudumu wa hoteli, yenye waya mwembamba uliojisokota na ngazi mbili za kuegemea.

Kata mfuniko wa bati chini ya mdomo wa chupa, futa mdomo kwa kitambaa kibichi. Ukikuta ukungu mweusi juu ya koki usishtuke, futa tu. Ingiza ncha katikati kabisa, zungusha opena chupa ikiwa imetulia mezani (usiibebe mapajani), acha mzunguko mmoja wa waya nje ili usitoboe chini. Vuta polepole na sentimita ya mwisho malizia kwa vidole. Ikikatika, rudisha waya kwa mshazari kwenye kipande kilichobaki. Ikishindikana kabisa, isukume ndani na umimine kupitia kichujio cha chai cha chuma kisichonuka. Kichujio cha plastiki kilichozoea tangawizi kitaupa mvinyo tangawizi.

Kuhusu jagi: la kioo, lioshwe kwa maji ya moto bila sabuni, likauke kabisa. Washa tochi ya simu, ilaze mezani ikiangalia juu, shingo ya chupa ipite juu ya mwanga. Mimina kwa mkupuo mmoja bila kukatiza, mteremko mwembamba ukutani mwa jagi. Ukisimama katikati na kuinua chupa, mvinyo unarudi nyuma na kuyachafua mashapo yote. Utaona kwanza mvinyo safi unapita juu ya mwanga, halafu uzi mweusi kama moshi unasogea kuelekea shingoni. Uzi ukifika shingoni, acha. Utapoteza kama mililita 50, na zisikuume.

Mwonjaji_Area_D

Mtunza Pishi na Opena wamesema vizuri. Mimi naongeza hatua moja kabla ya jagi: onja kwanza. Mara tu koki ikitoka, mimina kidole kimoja kwenye glasi, nusa, onja. Ukikuta tayari unanukia vizuri na ni laini, mimina kwenye jagi kwa ajili ya mashapo tu na uwagawie watu papo hapo. Ukikuta umejifunga, hauna harufu, ukakasi unakausha fizi, upe dakika 20 mpaka 30 kwenye jagi halafu onja tena. Usipitishe saa moja bila kuonja.

Kwa kuonja kwenyewe, glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana, ijazwe theluthi moja tu. Kutoka mililita 750, ukiondoa mashapo mna kama 700, kwa hiyo kila mtu apate mililita 85 hivi kwa raundi mbili. Raundi ya pili mtaona imebadilika, na hapo ndipo raha ilipo.

Iinamishe glasi juu ya kitambaa cheupe. Katikati utaona wekundu uliokolea, pembeni wekundu wa tofali unaoelekea kahawia. Huo ni umri. Ukikuta kahawia tupu mpaka katikati, umechoka.

Nusa mara ya kwanza bila kutikisa. Harufu nyepesi za uzee ndizo zinatangulia na ukitikisa unazipoteza. Halafu zungusha taratibu, nusa tena. Cabernet Sauvignon ikiwa changa inanukia matunda meusi, kwa pua ya hapa kwetu fikiria zambarau mbivu, pamoja na ubichi kidogo kama wa pilipili hoho. Baada ya miaka, tunda linageuka kuwa kavu, zabibu kavu au tini, na vinaingia tumbaku kavu, ngozi, mbao ya mwerezi, uyoga, udongo wa mvua ya kwanza ya Desemba. Merlot ndiyo inayojaza katikati ya ulimi, Cabernet Franc inaleta harufu ya majani makavu. Huo ndio uzuri wa mseto: Cabernet Sauvignon ndiyo mifupa, na wenzake wanaivisha nyama. Afrika Kusini chupa haiwezi kuandikwa jina la zabibu moja mpaka 85% iwe zabibu hiyo, kwa hiyo msidhani mseto ni daraja la chini. Watengenezaji wengi wa Stellenbosch huweka mseto kuwa chupa yao ya juu.

Mdomoni chukua funda dogo, lipitishe ulimi wote na fizi, vuta hewa kidogo, meza. Hesabu kimoyomoyo ladha inabaki muda gani. Ikizima baada ya sekunde 3 ni mvinyo wa kawaida. Ikikaa 10 na zaidi, mmepata kitu.

Kwa mliozoea mvinyo mtamu: funda la kwanza mtaliona chachu na gumu. Msiongeze sukari wala soda. Kuleni kidogo, rudini kwenye funda la pili na la tatu, ulimi unazoea.

Zabibu_Tamu

Nimeelewa, asanteni. Swali dogo: ukikaa miaka yote hiyo si kilevi nacho kinapanda?

Mtunza_Pishi

Hakipandi, ndugu. Kilevi kinatokana na hamira kula sukari ya zabibu, na mvinyo mkavu unaingia kwenye chupa sukari hiyo ikiwa imekwisha. 14% ya kwenye lebo ndiyo 14% ya leo.

Mkazi_wa_Kisasa

Na kuharibika nakutambuaje? Sitaki kumwaga kitu kizima, wala kumlazimisha mgeni anywe kibovu.

Mwonjaji_Area_D

Ukinusa harufu ya boksi lililolowa au kitambaa cha kudekia kilichosahaulika kwenye ndoo: hiyo ni koki iliyoambukiza mvinyo. Haiondoki kwa hewa, inazidi. Chupa hiyo imekwenda. Siki, au ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, ikiwa kali nayo haitoki. Tufaha lililokatwa na kuachwa mezani, pamoja na rangi ya kahawia, ni hewa iliyoingia zamani. Jamu iliyopikwa sana bila uchangamfu wowote, hilo ni joto.

Kinachowadanganya watu ni harufu ya kiberiti au yai bovu kidogo unapofungua tu. Hiyo mara nyingi inaondoka kwenye jagi ndani ya dakika 10 au 20, kwa hiyo usiharakishe kumwaga. Na harufu ya zizi la farasi ikiwa kwa mbali wengine wanaipenda, ikitawala glasi ni kasoro.

Jiko_la_Chamwino

Upande wa chakula, pilipili iondoke mezani. Pilipili inafanya kilevi kiunguze na ukakasi uzidi. Kachumbari yenye ndimu nyingi nayo inaufanya mvinyo uwe kama maji. Watu wanasema nyekundu na nyama choma yenye mafuta, ni kweli kwa mvinyo mchanga, kwa sababu mafuta na chumvi vinapunguza ukakasi. Huu wako ukakasi umeshalainika, mbavu za kuchoma zenye moshi mwingi zitaufunika.

Pika nyama ya ng'ombe ya mguu, kilo moja na nusu, moto mdogo kwa saa mbili na nusu, vitunguu maji, karoti, jani la bay, pilipili manga kidogo, uyoga mwishoni. Nyanya zisizidi mbili. Wali mweupe au viazi. Ugali pia unafaa, ila mlenda uwekeni siku nyingine, ule utelezi unaziba ulimi usisikie kitu.

Mkazi_wa_Kisasa

Nimechukua yote. La mwisho: naweza kununua waini nyekundu ya hapa nikaiweka miaka 10 ikafikia hivi?

Mkulima_Mpunguzi

Mkuu, inategemea ilivyotengenezwa. Kinachoufanya mvinyo udumu ni tanini, asidi na usafi wa mahali unapotengenezwa, na zabibu iliyovunwa kwa wakati. Kwa joto letu sukari inapanda haraka na asidi inashuka, mkulima akichelewa wiki moja uchachu unaohitajika kwa kukaa umeshapungua. Nyingi za hapa zimetengenezwa zinywewe changa, ndani ya mwaka mmoja mpaka mitatu, na hapo zinapendeza kweli. Za tamu na za kwenye boksi usiziweke kabisa.

Ukitaka kujaribu, chagua kavu, ya zabibu za Makutupora nyekundu, Syrah au Cabernet Sauvignon, iliyopita kwenye pipa la mwaloni. Uliza mwaka na msimu, maana kwetu tunavuna mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena kuanzia Agosti, kwa hiyo mwaka peke yake hautoshi. Nunua chupa sita za aina moja, fungua moja kila mwaka. Ile ambayo tunda limeanza kufifia kabla harufu nyingine hazijaja inakuambia umalize zilizobaki. Na bila mahali penye nyuzi 14 au 15 mwaka mzima, usianze. Chini ya bati miaka 10 ni kupika.

Opena_ya_Mbao

Ikibaki Jumamosi, mimina kwenye chupa ndogo iliyojaa mpaka juu, funga, friji, na inywewe Jumapili mchana. Mvinyo wa umri huu hausubiri Jumanne. Yale mashapo yachuje uyatie kwenye mchuzi.