Kamisheni ya asilimia 18: dereva wa Mombasa amepona?

*Mada: Tangu kanuni za 2022 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, kampuni ya teksi za programu hairuhusiwi kukata zaidi ya asilimia 18 kwa safari. Yatosha, au kampuni hizi zibanwe kwa sheria ya ushindani?*

Mwana_Tudor: Kikomo ni cha kamisheni, si cha nauli. Tuseme mjini hadi Nyali ni shilingi 500. Kwa kamisheni ya asilimia 25, dereva hubakiwa na 375. Kwa 18, hubakiwa na 410. Sasa kampuni ishushe nauli hadi 400 ili ivute abiria. Dereva anabakiwa na 328. Kanuni haijavunjwa, na petroli haikushuka.

BintiMvita: Hesabu ni sawa, ila serikali ikipandisha nauli, abiria ataingia tuktuk. Mwache dereva aweke programu mbili kwenye simu. Akipunjwa huku, ahamie kule.

Mwana_Tudor: Ahame na nini, dada? Nyota alizopewa na abiria na rekodi ya safari zinabaki kule alikotoka. Mwaka 2011 tuliruhusiwa kuhama mtandao na namba zetu. Namba ilihama, pesa ya simu haikufuata, na wengi wakabaki walipo. Mawakala wa M-Pesa nao hawakuachiwa kuhudumia mitandao mingine mpaka Mamlaka ya Ushindani ilipoingilia, 2014.

Mzee_Changamwe: Wanangu, Sheria ya Ushindani ya 2010 humtambua anayeshika nusu ya soko kuwa ndiye mtawala wake. Wakili wa kampuni atauliza: soko lipi? Ukihesabu teksi za programu peke yake, huenda kampuni inafika nusu. Ukiongeza tuktuk na bodaboda zote za Mombasa, kampuni hiyo ni kisahani tu cha chai. Kweli, hata aliye chini ya asilimia 40 anashikika, ila lazima uthibitishe nguvu yake sokoni, na hiyo kazi ni ya miaka.

Umoja wa Ulaya, kwa sheria yao ya masoko ya kidijitali (DMA), waliuruka ubishi huo. Septemba 2023 walizitaja kampuni sita kuwa walinzi wa lango la soko, zikiwemo Apple, Meta na Alphabet, na tangu Machi 2024 masharti yanazifunga bila kwanza kubishania soko. Aprili 2025 Apple ikatozwa yuro milioni 500.

BintiMvita: Kipimo chao kimoja, mzee, ni watumiaji milioni 45 kwa mwezi. Kenya nzima, sensa ya 2019, tulikuwa milioni 47.6! Hicho hakituingii, labda tuhesabu madereva waliosajiliwa kwa kila kaunti.

Na nyota zisihamishwe zilivyo. 4.8 ya kampuni moja si 4.8 ya nyingine, kwa vile haijulikani ni wastani wa safari ngapi. Kinachoweza kuhama ni idadi ya safari, tarehe ya kujiunga na malalamiko yaliyothibitishwa. Kampuni mpya ipige wastani wake yenyewe.

Mwana_Tudor: Hapo kwenye malalamiko nakubali, mradi dereva ayaone kabla hayajatumwa. Abiria hubonyeza nyota moja kwa foleni ya Kibarani.