Mjadala: Mchoraji akifuta uso wa mtu, anamfuta nani?

Wadau, naomba tulijadili hili. Rafiki yangu mchoraji anashikilia kuwa watu wasio na sura kwenye michoro ya kisasa wote wanasema neno moja: binadamu wa leo amejipoteza. Mimi sikubali.

Ushahidi wake mkubwa ni mchoro wa René Magritte, Mbelgiji, wa mwaka 1937. Mwanamume aliyevaa suti amesimama mbele ya kioo, nasi tuko nyuma yake, tunaona kisogo. Kioo nacho, badala ya kumrudishia uso, kinamwonyesha kisogo hichohicho, na nywele zake zilizochanwa zikalala. Lakini pale chini kuna kitabu, na kitabu hicho kioo kinakionyesha sawasawa. Yaani kioo ni kizima, kilichomkataa ni mtu tu. Tunasema akupaye kisogo si mwenzio. Huyu kapewa kisogo na nafsi yake. Kila nikiitazama picha hiyo naingiwa na baridi.

Ila yule bwana anajulikana! Ni Edward James, tajiri wa Kiingereza aliyemfadhili Magritte. Mchoro uko kwenye makumbusho Rotterdam, na ukisoma habari zake jina lake limo. Amekosa uso, jina analo.

Sasa njooni Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuna duka gani la picha lisilo na Wamasai wale, warefu wembamba kama mianzi, shuka nyekundu, kichwa tone la rangi nyeusi? Niliwahi kusimama nikamwangalia kijana akiwachora. Shuka aliishusha kwa mkupuo mmoja wa kisu cha kupakia rangi, mkuki ukawa mstari. Kisha akachukua brashi nyembamba, akainama, akaanza kutia shanga shingoni: nyeupe, bluu, nyeupe, moja moja, kwa subira kabisa. Kichwa akakiacha vilevile.

Hapo ndipo ninapotofautiana na rafiki yangu. Mmasai yule hakujipoteza. Amefanywa pambo la ukutani, na hana jina popote, hata nyuma ya turubai. Malevich, mchoraji wa Urusi ya Kisovieti, naye alichora wakulima wenye nyuso tupu kama yai, miaka ileile ambayo Stalin alikuwa akiwasukuma wakulima kwa nguvu kwenye mashamba ya pamoja, na pale mimi nauona utupu ule kama kilio kwa ajili yao. Kwenye picha za dukani sisikii kilio chochote.

Simlaumu kijana, anatafuta riziki na wageni ndio wanaonunua. Najua pia mtaniambia mtu wa mbali haonekani uso, ndiyo sanaa yenyewe. Basi anayepinga anijibu hili moja: kama shanga zinaonekana kutoka huko mbali, macho yamekosaje nafasi?