Wakuu naomba ushauri: narekebisha makosa madogo kwenye mwongozo wa programu, sasa nimekwama

Koma_na_Nukta:
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, matusi wekeni akiba.

Nina miezi mitatu najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, usiku nikitoka kazini. Kuna mwongozo mmoja wa kujitolea unaofundisha wanaoanza kutengeneza tovuti kwa Django (zana ya Python ya kujengea tovuti), yeyote anaruhusiwa kupendekeza marekebisho kupitia GitHub, mtandao ambao watu hushirikiana kuandika programu. Pendekezo lenyewe huitwa PR. Katika kusoma nikaanza kuona makosa ya uandishi. "The the" mara mbili mfululizo. "It's" pale panapotakiwa "its". "A HTTP request" badala ya "an". Nikarekebisha moja, wakapokea. Nikarekebisha nyingine, wakapokea. Raha yake mniache jamani, jina lako linakaa pale na Mjapani analiona.

Shida ni kwamba msimamizi amenyamaza. PR zangu za mwisho hajazigusa, hata kialama cha dole gumba hakuna. Niendelee kutuma au nisubiri? Na je, kurekebisha koma ni mchango au ni usumbufu? Nakosa usingizi, msione nacheka.

Siti_ya_Mbele:
Nimekaa. Muuza kahawa apite na huku.

mamaJunior_IT:
Mchango ni mchango. Django wenyewe, kosa dogo la uandishi kwenye nyaraka zao halihitaji hata kufunguliwa tiketi, unatuma marekebisho moja kwa moja. Kwa hiyo hapo huna dhambi. Ila usitume moja moja kama mtu anayelipa deni kwa sarafu. Umetuma ngapi?

Mzee_wa_Fotrani:
Vijana mnapenda majina kuliko kazi. Kampuni ya DigitalOcean ilianzisha Hacktoberfest mwaka 2014, nia yao njema kabisa: mwezi wa kumi changia miradi ya wazi, upate fulana. Ilipofika 2020 wakatokea wajanja wanaingia kwenye mradi wa mtu, wanaongeza neno "amazing" kwenye README, lile faili la utambulisho wa mradi, wanadai fulana. Wenye miradi walipiga kelele mpaka sheria ikabadilishwa mwezi ukiwa bado mchanga, mradi ukawa hauhesabiwi mpaka wenyewe wakubali kushiriki. Mapema 2024 yakawakuta Express, mradi mwingine wa wazi. Video moja ya mafunzo ilionyesha namna ya kutuma PR, watu wakamiminika kuandika majina yao kwenye README ya Express kama wanasaini kitabu cha wageni.

Sisi enzi zetu ukitaka jina ulitoa programu inayofanya kazi.

Koma_na_Nukta:
Mzee, fulana ninazo. Na sijaandika jina langu popote, narekebisha makosa ya kweli.

mamaJunior, ni 27. Kwa siku nne. Lakini nilizitenganisha makusudi, kila kosa na PR yake, ili mkaguzi apate wepesi.

mamaJunior_IT:
27?! Huyo mtu hakunyamaza, amejificha.

Kila PR ni taarifa kwenye barua pepe yake, ni kufungua ukurasa, kusoma, kusubiri majaribio yaishe, kubonyeza. Kosa la herufi moja linamla dakika zilezile za kosa la aya nzima. Makosa ya ukurasa mmoja yafunge pamoja.

Kidoto_wa_Unguja:
Mimi yalinikuta ya aina yake. Nimefundishwa Kiingereza cha Waingereza, kwa fimbo. Siku moja nikakuta ukurasa mzima wameandika "customize", "initialize", "realize". Nikasema hawa watoto wamepotoka, nikabadilisha zote kuwa "ise". Nikajiona profesa. Jibu lilikuja na kiungo kimoja tu, cha mwongozo wa uandishi wa Django: tunatumia "ize" ya Kimarekani. Na kumbe mle mna mengi. "Email" haina kistari, "website" ni neno moja, Python iandikwe kwa herufi kubwa kama ni jina la lugha.

Kilichonikaa moyoni ni kipengele kinachosema tujaribu kuepuka maneno kama "simply", "just" na "easily". Mtu amekwama saa mbili usiku, halafu mwongozo unamwambia "just run this". Anajiona mjinga peke yake duniani. Kwetu kosa hilo linabebwa na "tu". Fungua tu, andika tu. Fundi simu akikwambia "ni kuflashi tu", jua simu imeshakufa.

Jirani_wa_Kisumu:
Buda, achana na koma za Wazungu. Tafsiri hiyo kitu kwa Kiswahili, watoto wa huku wasome. Hiyo ndiyo mchango. Anza na "tarakilishi".

Siti_ya_Mbele:
Tarakilishi tena! Sisi huku ni kompyuta, hatutaki kukunja ulimi.

Mzee_wa_Fotrani:
Tafsiri zilishafanyika kabla hamjajua kipanya ni nini. Mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwemo. Watu walikaa kuumiza kichwa neno baada ya neno. Leo mnabishana tarakilishi na kompyuta, na hakuna aliyetafsiri hata ukurasa mmoja. Mimi nikiwemo.

mamaJunior_IT:
Turudi kwa mwenye uzi. Koma_na_Nukta, mtu hakosi usingizi kwa sababu PR yake ya koma haijajibiwa. Kuna kitu hujasema.

Koma_na_Nukta:
Sawa.

Kuna moja haikuwa kosa.

Kwenye sura ya kuanzisha mradi kuna amri hii: django-admin startproject mysite . Mwishoni pana nafasi, halafu nukta. Mimi macho yangu yameshazoea kuwinda, nikasema hawa wameacha nafasi kabla ya nukta, tena amri haimaliziwi kwa nukta kama sentensi. Nikaiondoa. Ilikuwa katikati ya zile 27, ikapokelewa.

Baada ya siku kadhaa mtu akafungua malalamiko: akiandika python manage.py, yaani akiliita faili la kuendeshea mradi, anaambiwa hakuna faili hilo. Wakaja wengine wawili. Wasaidizi wanawaambia wasakinishe Python upya. Mmoja ameshasakinisha mara mbili. Mimi nipo hapo nasoma, kimya.

mamaJunior_IT:
Ile nukta ndiyo inayosema "jenga mradi hapahapa nilipo". Ukiiondoa, Django inatengeneza folda mpya ya mysite na kuweka manage.py humo ndani. Mwanafunzi amebaki nje anatafuta ufunguo ulio ndani ya nyumba. Na wewe umekaa barazani unamtazama!

Koma_na_Nukta:
Dada, tusikuze. Mafunzo rasmi ya Django miaka yote yalikuwa hayana hiyo nukta, na watu walijifunza. Kwa hiyo siwezi kusema niliharibu.

Halafu nimeshachukua hatua. Juzi nimetuma PR ya kuirudisha, nimeipa kichwa "marekebisho madogo ya uandishi". Ikipokelewa yameisha. Sioni sababu ya kujitangaza. Kuna kazi nimeomba na kwenye wasifu nimeweka kiungo cha michango yangu.

mamaJunior_IT:
Mafunzo rasmi hayakuwa na nukta, ndiyo, ila mbele kidogo palikuwa na mstari unaomwambia msomaji aingie kwenye folda ya mysite. Huo mwongozo wenu una huo mstari?

Koma_na_Nukta:
Hauna.

mamaJunior_IT:
Basi umeharibu. Na PR yako ya siri inasubiri foleni nyuma ya koma zako nyingine, nani ataiona? Na usidhani umejificha. Mtu akipiga git blame, amri ya kuonyesha nani aligusa mstari mara ya mwisho, kwenye ule mstari, jina lako hilo hapo. Amri yenyewe inaitwa lawama, hawakukosea kuipa jina.

Mpelelezi_wa_Buza:
Samahanini kwa kuchelewa, nilikuwa napitia faili la mtuhumiwa.

Hii ni CHAI. Mwezi wa pili huyuhuyu alifungua uzi wa kuomba ushauri wa kufuga sungura Mkuranga, akasema simu yake imekufa na hana pesa ya kununua nyingine. Leo ana Django, ana PR 27, anaomba kazi. Na mkaguzi gani mwenye akili anapitisha mtu kung'oa nukta kwenye amri? Hadithi imenyooka mno, hata jina lake ni Koma_na_Nukta. Tunaandikiwa tamthilia hapa.

Siti_ya_Mbele:
Maandazi yapo?

Koma_na_Nukta:
Sungura walikufa. Mtu akifiwa na sungura haruhusiwi kusoma Python? Kompyuta ni ya ofisini, nabaki baada ya saa za kazi, mlinzi ananijua. Na jina nilijipa kwa sababu hiyo ndiyo tabia yangu, ulitaka nijiite Semikoloni?

Mpelelezi_wa_Buza:
Weka kiungo cha PR tuone.

Koma_na_Nukta:
Nikiweka mtaona jina langu halisi.

Mpelelezi_wa_Buza:
Imechemka sasa, mimineni.

Jirani_wa_Kisumu:
Mimi niliamini mpaka kwa sungura.

Mzee_wa_Fotrani:
Sijui kama ni chai. Ila hapo kwenye "mkaguzi gani mwenye akili" naomba niseme.

Nimekuwa mkaguzi. Saa tano usiku una PR ishirini za mtu mmoja, kumi za kwanza zote ni sahihi, ni "its" na koma. Kufikia ya kumi na moja unakuwa husomi, unamwamini. Na kwenye ukurasa wa kulinganisha, mstari mwekundu wenye nukta na wa kijani usio na nukta unafanana. Nukta inaonekana kama uchafu wa kioo. Mimi nilipitisha alama moja ya kutoa iliyogeuzwa kistari kirefu, kile cha kupendezesha maandishi. Ukiinakili amri haifanyi kazi, na ukiitazama huoni kosa. Iliwatesa watu wiki mbili. Aliyeituma alikuwa kijana mwenye nia njema kama huyu, na aliyebonyeza kitufe ni mimi. Nilimwachia yeye lawama zote.

Kidoto_wa_Unguja:
Ahsante mzee.

Iwe chai iwe uji, mimi nimefundisha darasa la wanaoanza na nimeona wanavyokwama na hiyo nukta. Hawasemi "nimesahau nukta". Wanasema "mimi kompyuta siziwezi", wanafunga daftari.

Mwenye uzi, ile PR ya kichwa cha uongo ifunge. Fungua nyingine, rudisha nukta, na chini yake weka sentensi moja inayoeleza kazi yake. Hiyo sentensi ingekuwepo tangu mwanzo usingeing'oa. Halafu nenda kwenye yale malalamiko uandike kwa jina lako, kwa sababu wale watatu hawasomi foleni ya PR, wanasoma pale. Mambo ya wasifu tutaongea baadaye.

Koma_na_Nukta:
Nimefunga ile. Mpya nimeitengeneza, ina nukta na maelezo. Kwenye malalamiko nimeandika hivi, kwa Kiingereza, hapa nawatafsiria. Sijabonyeza bado:

"Kosa ni langu. Nilitoa nukta moja tu mwishoni mwa amri, nikidhani imebaki kwa bahati mbaya. Msisakinishe upya chochote. Aliyekwama aingie kwenye folda ya mysite, atalikuta manage.py. PR ya kurudisha nukta hii hapa. Samahani kwa muda wenu."

Kuna kasoro?

Kidoto_wa_Unguja:
Toa hilo "tu".

Koma_na_Nukta:
Limetoka. Nimebonyeza.

Mpelelezi_wa_Buza:
Kiungo bado.