Gesi kwenye Hiace au gesi jikoni, nianze na ipi? Niko Dodoma

Kijana_Nkuhungu: Wakuu habari za jioni. Nina Hiace inapiga ruti ya Kibaigwa, mafuta yananimaliza. Fundi mmoja kasema nifunge propani, jamii ya hii gesi ya mitungi ya kupikia, mwingine ananiambia CNG, ile gesi asilia ya kushindilia. Nyumbani nako gunia la mkaa halifikishi mwezi. Hela niliyonayo ni ya kitu kimoja tu.

FundiChiniYaMti: Gari petroli au dizeli? Kwa siku unatembea kilomita ngapi? Nyumbani mko wangapi? Au tukupigie ramli

ZabibuChungu: CNG tu mkuu. Inatoka kwetu, Songo Songo na Mtwara. Hiyo ya mitungi inakuja na meli, dola ikipanda na wewe unapanda nayo.

MzeeKisasa: CNG CNG... mimi niliifunga nikiwa Dar, IST yangu, na sikatai nilifaidi, ila ofisi ikahamia huku na mimi nikahama nayo, nafika naulizia pa kujazia kila mtu ananitazama usoni, basi lile tungi la chuma (na ni zito haswa kwa sababu gesi yenyewe inashindiliwa mpaka presha ya baa 200) limekaa kwenye buti halina kazi, shemeji akija begi anapakata, springi za nyuma zimelala, mwaka na nusu nachoma petroli na mzigo juu. Siku ya kuuza mteja kaniambia toa kwanza hilo dude ndo tuongee bei. Ulizia kituo kabla hujaulizia fundi.

MamaLisheSabasaba: Anza jikoni baba, anayepuliza moto si wewe. Mtungi wa kilo 15 na jiko la plate mbili, maisha yanaenda. Maharage na makande ndo nawasha mkaa, sitaki unafiki.

ZabibuChungu: Na mlenda je? Mlenda wa kwenye gesi hauna ladha

MamaLisheSabasaba: Nani kakudanganya, tatizo mkono wako

FundiChiniYaMti: Turudi kwenye gari. Propani presha yake ndogo, haifiki hata baa 15, tangi lake jepesi. Lakini lita moja ina nguvu pungufu ya petroli kama robo hivi, kwa hiyo itakunywa lita nyingi zaidi, usipige hesabu ya bei ya lita peke yake. Na asije mtu akakufungia mtungi wa jikoni!! Tangi la gari lina vali inayokata likijaa asilimia 80. Halafu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini ya siti, abiria akiwasha sigara tunakuja msibani. CNG ikivuja inapaa. Na hiyo propani nayo, utajazia wapi? Bado hujajibu petroli au dizeli.

Kijana_Nkuhungu: Dizeli mkuu, injini aina ya 5L. Kwani kuna shida?

FundiChiniYaMti: Kumbe tumeongea bure!! Dizeli haina plagi za cheche, gesi peke yake haiwaki humo mpaka injini ibadilishwe, au uchome gesi pamoja na dizeli. Hiyo si kazi yetu sisi wa chini ya mti.

MamaLisheSabasaba: Si nilisema jikoni

Kijana_Nkuhungu: Mke anaogopa mtungi kulipuka. MzeeKisasa lile dude la CNG bado unalo?

MzeeKisasa: Lipo uani, kuku wanalilalia. Ya nini na wewe una dizeli?