Uwakili wa pesa ndogo ndogo nyumbani: wewe unaokoa wapi? Tupeane uzoefu, wa Mwanza na kandokando ya Ziwa

Mama Genge, Igoma

Mwangaluka wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mwezi wa tatu kanisani kwetu tulifundishwa Luka 16, yule wakili, yaani msimamizi wa mali, aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu ya uwakili wake. Habari hiyo naijua tangu utotoni, lakini safari hii ilinikamata. Nilijiuliza: nikiitwa leo jioni, naweza kutoa hesabu ya wiki hii tu? Nikarudi nyumbani, nikachukua daftari la mtoto, nikaandika kilichoingia na kila ninachokumbuka kutoka. Shilingi 41,000 sikujua zimekwenda wapi. Hakuna aliyeniibia. Nilizitumia kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi nikaandika siku 30, kila kitu, hata kiberiti. Nilidhani nitakuta ni soda au vitenge. Nikakuta ni mkaa. Nilikuwa nanunua kwa kopo, asubuhi 500, jioni 500, yaani 30,000 kwa mwezi. Gunia wakati huo lilikuwa 65,000, na jirani yangu mwenye familia kama yangu linamkalisha karibu miezi mitatu. Mimi niliyeshindwa kununua gunia ndiye niliyekuwa namlipa muuza mkaa zaidi ya yule aliyeweza. Mafuta ya kupima ni hivyo hivyo, sukari ya robo ni hivyo hivyo. Sisi wenye kipato kidogo tunanunua ghali kwa sababu tunanunua kidogo, na hela ya kununua kwa pamoja hatuna pa kuitoa.

Nilivyotoka hapo ni kwa kibubu. Shilingi 1,500 kila jioni kabla sijafunga genge. Siku ya 44 nikakivunja, nikanunua gunia la kwanza. Halafu ile 1,000 ya kopo nikaendelea kuitumbukiza kila siku kana kwamba bado nanunua mkaa. Gunia la pili likajilipa lenyewe, na ikabaki hela ya kuanzia dumu la mafuta. Fungu la kumi natenga kwanza, hilo sina mjadala nalo.

Naomba uzoefu wa kweli. Ulifanya nini, kiasi gani, na ulishindwa wapi.

Mvuvi wa Kayenze

Amina mama. Mimi ni mtu wa dagaa, nikueleze hesabu ya ziwani maana haifanani na ya genge.

Dagaa wanavuliwa kwa taa. Usiku ukiwa wa giza wanafuata mwanga wetu, mwezi ukiwa mkali hawafuati, kwa hiyo tunaanika nyavu na kukaa nchi kavu mpaka giza lirudi. Wakati wa giza hela inaingia kila asubuhi. Tukishatoa mafuta ya injini na sehemu ya tajiri mwenye mtumbwi, tunagawana pale pale mwaloni, na pale pale mwaloni kuna kila kitu cha kuimaliza. Miaka sita nimeishi hivi: giza nina hela, mbalamwezi naenda kwa tajiri kukopa ya unga. Giza likirudi nakatwa deni kabla sijashika kitu. Nilikuwa kama nimeajiriwa na deni.

Kilichonigeuza ni habari ya Yusufu katika Mwanzo 41, miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Nikaona mimi Misri yangu inarudi kila mwezi, na bado sijajenga ghala. Siku hizi nikipokea mgao natoa zaka, halafu natenga hela ya mbalamwezi kabla ya kitu kingine. Siwezi kukaa nayo, najijua. Naituma kwa mke wangu kabla sijatoka mwaloni, hata kama nimelowa. Yeye hanirudishii mpaka mwezi uwe mkali. Tulipatana hivyo mbele ya mchungaji. Mwaka wa pili sasa sijakopa unga.

Nilishindwa mara moja, Desemba. Rafiki wa kambini alikuwa na sherehe, nikaomba mke anirudishie, akakataa, nikakasirika siku tatu. Baadaye nilimuomba radhi.

Mwalimu, Misungwi

Yangu ni aibu, lakini naandika kwa ajili ya mwingine asije akapita nilipopita.

Nilichaguliwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mtoto wa kaka. Ahadi yangu niliiandika 300,000 kwa sababu wenzangu waliandika hivyo. Tarehe ikafika sina. Nikaenda kwa watu wa kausha damu. Riba asilimia 30 kwa mwezi, na dhamana ni kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Kila mshahara ukiingia wao ndio wanaoenda kutoa, wanachukua 90,000 yao ya riba, mimi napewa kinachobaki. Miezi saba! 630,000 zimeondoka na zile 300,000 bado nadaiwa kama nilivyozichukua. Kanisani nilikuwa nakaa nyuma. Sadaka nilikuwa natoa sarafu, nimefumba mkono ili asionekane mtu wa mshahara anatoa nini.

Aliyenitoa ni mke wangu. Aliuza mbuzi watatu aliopewa na mama yake, akaniambia tukalipe leo leo turudi na kadi. Hakunisimanga hata siku moja.

Tangu hapo mchango wa harusi naulipa taslimu ninapoletewa kadi, kiasi kile nilichonacho, na siandiki ahadi. Wengine walininunia, sasa wamezoea. Pia nimeacha kutoa hela kwenye simu kidogo kidogo. Nilikuwa natoa 5,000 leo, 10,000 kesho, kila mara na makato yake. Sasa natoa mara moja kwa wiki, naiweka kwenye bahasha: chakula, nauli, sadaka, dharura. Bahasha ya nauli ikiisha Alhamisi, Ijumaa natembea kwenda shuleni.

Dada wa Nyegezi

Mimi fupi. Umeme. Kuna bei nafuu ya uniti kwa nyumba inayotumia kidogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba yetu ilikuwa ikivuka kidogo tu. Pasi ndiyo ilikuwa inatuvusha. Napiga pasi nguo zote Jumamosi jioni mara moja, watoto kila mtu na zake amepanga. Maharage nalowesha usiku. Basi.

Mtumishi

Wapendwa nawasoma kwa upendo, ila naomba tuwe makini. Tajiri wa Luka 12 alipanga kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, na usiku ule ule roho yake ikatakwa. Mana jangwani aliyebakiza mpaka asubuhi ilioza ikatoa mabuu. Tusije tukahamisha tumaini letu kutoka kwa Bwana kwenda kwenye kibubu.

Mama Genge, Igoma

Mtumishi, asante, na nimelipokea. Lakini soma Kutoka 16 mpaka mwisho. Siku ya sita waliokota maradufu wakaweka ya Sabato, na ile haikuoza. Mana ni ile ile. Iliyooza ni ile waliyoambiwa wasiiweke. Na huyo tajiri nimehesabu maneno yake: mazao yangu, ghala zangu, vitu vyangu. Hamtaji mtu mwingine hata mmoja. Hapo ndipo ninapoogopa mimi, zaidi ya kuogopa kibubu.

Mjukuu wa Kwimba

Bibi yangu hakujua kusoma, ila sijaona wakili kama yeye. Viazi vitamu vikivunwa, wengine wanauza vyote kwa bei ya kutupa kwa sababu kila mtu anavyo. Yeye anauza nusu. Nusu nyingine anamenya, anakata vipande, anaanika juu ya mawe mpaka vinakauka kama mbao, hiyo ndiyo michembe. Vingine anachemsha kwanza ndipo anaanika, matobolwa. Kiangazi kikikaza, nyumba za jirani zinanunua mahindi, sisi tuna michembe na karanga. Hakuna jokofu, hakuna umeme, ni jua la bure tu.

Sasa niko Buzuruga nina watoto watatu wa mjini, na nilikuwa namwaga wali kila asubuhi. Siku moja nikasoma Yohana 6. Yesu alikuwa ametoka kuwalisha watu 5,000 kwa mikate mitano na samaki wawili. Angeweza kuwalisha tena kesho bila shida yoyote, na bado akaagiza vipande vikusanywe kisipotee kitu. Vikajaa vikapu 12. Mwenye uwezo wote anaokota makombo, mimi wa mshahara wa dukani namwaga! Nililia jikoni, sisemi uongo.

Kwangu sasa kiporo ndicho chai ya asubuhi. Wali wa jana unakaangwa na kitunguu, na vitumbua vya 1,500 kwa siku vimekwisha. Siku sita kwa wiki, fanyeni hesabu wenyewe. Mapanki ya sangara, yale mabaki ya mifupa minofu ikishatolewa, ninayachemsha supu na ndimu na tangawizi, na watoto wanaipenda kuliko samaki mzima.

Mama Viazi, Sengerema

Niongeze moja. Nilipokuwa navuka kwa pantoni kuja Mwanza kuuza viazi, foleni ya Kigongo ilikuwa inanila 3,000 kila safari: chai, samaki wa kukaanga, vocha ya kuongea nikisubiri. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 nikashukuru Mungu, nikasema hiyo 3,000 sasa ni faida. Baada ya miezi mitatu sikuiona popote. Ilikuwa inatoka kwa mlango mwingine. Hela niliyoiokoa bila kuipa kazi ilijitafutia kazi yenyewe. Sasa nikishuka tu Buhongwa naituma kwenye kikundi chetu, kununua hisa. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo kwa akina mama watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wapo. Kikundi cha kwanza tulimwamini mtu mmoja na ufunguo mmoja. Siendelei.

Mama wa Bati

Nimesita kuandika. Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mtu wa kibubu kweli kweli. Tulikuwa tumejenga chumba na sebule huko Kisesa, kuta zimesimama mvua mbili bila paa. Nikaanza kuweka hela ya bati. Nilikuwa natembea kwa miguu kutoka kazini, nguo zangu ni za mitumba, za soko la Mlango Mmoja, sherehe siendi. Kwenye jumuiya walishanizoea.

Ikafika karibu 400,000. Jioni moja akaja mwenzangu wa jumuiya, mtoto wake amelazwa, anahitaji 40,000 ya vipimo. Nilimwambia sina. Nilisema neno hilo, sina, na kibubu kipo uvunguni mwa kitanda nilichokuwa nimekikalia. Akanishukuru kwa kumsikiliza akaondoka.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Wiki mbili baadaye nilipita kwake nikaona mahali pa cherehani pako wazi. Alikuwa anashonea watoto wa mtaa mzima sare. Aliiuza usiku ule ule, kwa bei ya mtu mwenye shida.

Bati niliezeka. Mvua ikinyesha naisikia juu, nakumbuka cherehani.

Nilikwenda kwake nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, akasema, «Mama, nilijua. Ungeniambia tu ni za bati, ningeelewa.» Nadhani angeelewa kweli.

Sasa nina vyombo viwili. Kibubu cha nyumba, na kopo la maziwa lisilo na kufuli. Katika kila 1,000 ninayoweka akiba, 200 inaingia kwenye kopo. Hilo ni la anayebisha hodi. Tuliongea na wanajumuiya pia, tukaanza mfuko mdogo, 500 kila tunapokutana. Cherehani ya kwanza kununuliwa na mfuko huo ilikuwa ya mwenzangu. Ni ya mitumba, ila inashona.

Mtumishi

Mama wa Bati, Bwana akubariki. Nilichoogopa mimi ndicho hicho ulichokieleza, na wewe umekieleza vizuri kuliko nilivyosema. Kopo nitaliweka na kwangu.

Mzee wa Kanisa, Pasiansi

Wanangu, msiwasahau watoto. Kwetu, asiye na fedha analeta kuku, mayai, muwa, na baada ya ibada tunafanya mnada. Mjukuu wangu alifuga kuku mmoja akaleta yai moja kila Jumapili. Yule kuku alikuwa wake, kwa hiyo alijua gharama ya lile yai: pumba, maji, kumfungia asiliwe na kicheche. Kabla ya hapo nilikuwa nampa sarafu mlangoni mwa kanisa, anaitoa bila kujua imetoka wapi.

Mama Genge, Igoma

Wabeja sana. Mama wa Bati, nimesoma mara mbili na nimeshapata kopo.

Mvuvi, nikuulize. Pale gengeni dagaa wanapanda bei kila mwezi na nilikuwa nalaumu wachuuzi, kumbe ni mbalamwezi. Tuko akina mama watano wa mtaa mmoja. Tukichanga tukaja kununua wakati wa giza, tukawahifadhi wenyewe mpaka mwezi mkali, utatuuzia? Na watakaa bila kuharibika?

Mvuvi wa Kayenze

Karibuni sana. Wanakaa vizuri wakiwa wamekauka sawasawa, wawekwe pakavu, wasipate unyevu. Msinunue walioanikwa mchangani hata wakiwa na bei rahisi, mtalipia mchanga. Kwetu mke wangu anaanika juu ya chanja. Giza linaanza wiki ijayo, ila subirini siku tatu nne bei itulie. Mje asubuhi mapema kabla magari ya soko la samaki la Kirumba hayajafika, na mje na magunia yenu, ya hapa wanauza.