Duka la mtandaoni la vipuri vya pikipiki, Dodoma: vipeperushi, redio, reflekta au banda la Nane Nane?

Cheni_na_Plagi
Wakuu, salaam. Nina tovuti ya kuuza vipuri vya pikipiki, hasa Boxer na TVS. Stoo iko Dodoma mjini, mzigo natuma kwa basi Kibaigwa, Kondoa, Bahi na kwingineko. Matangazo ya Facebook na Instagram nimelipia. Wanaobofya wapo, wanaonunua wa kuhesabu, tena wengi wako Dar ambako Kariakoo ni pua na mdomo. Nataka kutangaza nje ya mtandao, nimetenga laki nane. Njia ninazozitazama ni vipeperushi, redio ya mkoa, reflekta zenye chapa kwa bodaboda, na banda la Nane Nane pale Nzuguni. Ipi inaleta mteja anayelipa? Naomba waliowahi kufanya wanijuze.

Kijiwe_Nkuhungu
Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kigoda hapa.

Mama_Stika
Mimi ni mchapishaji, kwa hiyo navutia upande wangu, lakini nitakwambia ukweli. Vipeperushi ndivyo rahisi kuliko vyote: A4 moja inatoa vinne vya A6, rimu moja ya karatasi 500 unapata 2,000. Shida ni kuvigawa. Ukimpa kijana agawe stendi, nusu utavikuta mtaroni kabla ya adhuhuri. Kipeperushi kinafaa kikiingia ndani ya kifurushi cha mtu ambaye tayari amenunua, ampe na mwenzake. Hapo hulipi mgawaji, na anayekipokea anakipata kwa mtu anayemfahamu.

Kubandika kwenye nguzo za TANESCO usijaribu. Nguzo zote zimeshachukuliwa na waganga wa kurudisha mpenzi, na duka lako litasomwa kwa jicho hilohilo.

Spika_ya_Bati
Redio nimefanya, biashara yangu ni ya mbegu. Kuna redio na redio. Tangazo lililorekodiwa linalopita kati ya nyimbo mbili, watu hawalisikii. Lakini mtangazaji wa kipindi cha alfajiri akikutaja kwa mdomo wake mwenyewe, tena akapiga soga kidogo kuhusu cheni zinazokatika kwa vumbi la Kondoa, simu zinaita siku hiyohiyo. Halafu kesho yake kimya. Redio inadai urudierudie, na laki nane ikiisha umerudi ulipoanza.

Jambo la pili: jina la tovuti. Likiwa na kistari au herufi ambayo mtangazaji lazima aielezee hewani, umepoteza hela. Msikilizaji yuko barabarani ameshika usukani, hana kalamu.

Cheni_na_Plagi
Jina langu lina kistari 😅. Asanteni, endeleeni.

Fundi_Chamwino
Kaka, nimesoma hadi hapa na wote mnaongea kana kwamba mwenye pikipiki ndiye anayenunua kipuri. Mimi nina gereji. Pikipiki ikija inagonga, mwenyewe hajui kama ni beringi au ni cheni. Mimi ndiye ninayemwambia, na mara nyingi hela ananipa mimi nikanunue. Vijana wengi wa bodaboda hapa hata pikipiki si yao, wako kwenye mkataba na bosi. Sasa hiyo reflekta yenye tovuti yako mgongoni inamtangazia nani? Inamtangazia abiria, mama anayekwenda sokoni. Yeye plagi ya Boxer ya nini?

Tena wengi wetu tunatumia kitochi kazini, smatifoni iko nyumbani isije ikaingia oili. Tovuti nzuri, lakini mimi nitapiga simu, nitasema "nataka brekshuu za TVS HLX", nitataka kujua bei na basi la saa ngapi. Usipopokea simu, namrudia muuzaji wangu wa zamani ingawa ananipiga bei.

Ukitaka nikukumbuke, niletee kitu nitakachokitundika ukutani. Kalenda ipo, ila kalenda kila benki inatoa. Nichapie chati kubwa: Boxer BM150 kipuri hiki namba yake hii, TVS hivi, tairi saizi hizi, oili unabadilisha lini. Kila kukicha nabishana na wauza maduka kwa sababu wamenipa beringi ya namba nyingine. Hiyo chati ningeipa nafasi juu ya benchi, na namba yako ya simu ingekaa hapo mpaka karatasi ichakae.

Mama_Stika
Hapo fundi umenikata kauli. Chati ya A2, ilaminetiwe, maana mikono ya oili. Chati thelathini kwa gereji thelathini ni kazi ndogo kuliko vipeperushi 2,000.

Tuktuk_Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Huku Kenya tuliiona Copia. Wateja wake walikuwa watu wa mashinani wasio na mazoea ya kununua mtandaoni, basi ikawapa wenye maduka madogo katalogi ya karatasi. Mteja anafungua kurasa pale dukani, anachagua, mwenye duka anaagiza kwa niaba yake na kupata kamisheni. Jumia nao walikuwa na mawakala wao, J-Force, kazi ileile. Mteja hamwamini mtu aliye ndani ya simu, anamwamini mwenye duka ambaye akidhulumiwa anajua pa kumpata. Copia iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024, na Jumia walifunga duka lao Tanzania tangu Novemba 2019, kwa hivyo wakala anavuta mteja lakini hesabu ya usafirishaji bado ni yako mwenyewe. Wewe unatumia basi, umeshapunguza mzigo huo.

Na kama utaandika jina lako kwenye magari au tuktuk, ulizia kwanza ada za kaunti, sijui nyinyi mwaita halmashauri. Huku askari wa jiji hawana masihara na gari lenye tangazo lisilo na kibali.

Mkaguzi_Mstaafu
Napingana kidogo na fundi, na hili la mawakala wa Mombasa. Kumpa fundi kamisheni kama wakala ni kumfundisha kubadilisha kipuri ambacho bado ni kizima. Tumeyaona kwenye magari: breki zina uhai, unaambiwa zimekwisha. Mwenye pikipiki akishtuka, jina linalochafuka ni la duka. Mimi ningeenda Nane Nane. Wiki ya kwanza ya Agosti mkulima amevuna, ana hela, na anakuja mwenyewe Nzuguni kutoka wilaya zote. Anakuona uso, anashika cheni kwa mkono wake. Huo uaminifu matangazo ya simu hayaupati, hasa zama hizi ambapo kila mtu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Fundi_Chamwino
Mzee wangu, shikamoo. Wapo mafundi wa hivyo, sikatai. Ndiyo maana asilipwe kwa kila kipuri. Mpe punguzo la bei, faida ataipata kwenye bei yake, kama tunavyofanya na maduka ya mjini siku zote. Na Nane Nane ni mara moja kwa mwaka. Cheni inakatika Februari.

Mkaguzi_Mstaafu
Marahaba. La punguzo nimelikubali. Basi kama banda ni ghali, kijana aende mnada wa Msalato Jumamosi. Watu wa vijijini wanakuja na pikipiki zao, wanaziegesha, wanakula nyama. Apate kivuli, meza moja, na fundi mmoja wa kukaza cheni na kuangalia breki bure. Asilete gari la spika, kwanza kuna kibali, pili pale kelele zimeshajaa.

Spika_ya_Bati
Hili la kukaza cheni bure limenizidi. Nasalimu amri na redio yangu.

Kijiwe_Nkuhungu
Mimi ni bodaboda. Reflekta ya bure naichukua hata ikiandikwa jina la mganga. Lakini fundi wangu akisema "agiza kwa fulani", naagiza. Ndivyo ilivyo.

Cheni_na_Plagi
Nimewasoma. Nane Nane naiweka kando mwaka huu, reflekta nazifuta. Hela kubwa iende kwenye chati za gereji, kuanzia Chamwino, Kibaigwa na Bahi. Inayobaki meza ya Msalato na vipeperushi vya ndani ya kifurushi. Kistari kwenye jina nitakiondoa, nitanunua jina jingine la .co.tz liwe linapeleka kwenye tovuti ileile. Maswali mawili: nitajuaje chati imeleta mauzo na si Msalato? Na kwenye chati niweke msimbo wa QR au namba ya simu tu?

Mama_Stika
Laini mbili za simu. Moja iko kwenye chati peke yake, nyingine kwenye vitu vya Msalato. Kifurushi kiwe na neno lake la punguzo. Na kila anayepiga aulizwe katupata wapi, iandikwe kwenye daftari, maana wapo watakaopewa namba na wenzao.

Msimbo wa QR weka, hata kama fundi ana kitochi, mteja wake ana smatifoni. Na uko kwenye asili yake: Denso Wave ya Japani iliubuni mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kipimo cha kawaida ni umbali gawanya kwa kumi: mtu akisimama mita moja na nusu kutoka ukutani, msimbo uwe na upana wa sentimita 15. Uache ukingo mweupe pande zote, na usiupake rangi za nembo mpaka ukafifia. Angalia pia unakoutengenezea. Kuna tovuti zinazokupa msimbo wa majaribio unaopita kwao kwanza, muda ukiisha unakufa na chati zako ziko ukutani. Weka anwani yako mwenyewe ndani ya msimbo, moja kwa moja, ifungue ukurasa wa bei za vipuri vilivyo kwenye chati.

Namba ya simu ndiyo iwe kubwa kuliko yote. Isomeke kutoka upande wa pili wa gereji, mtu akiwa amelala chini ya pikipiki.

Fundi_Chamwino
Na ipokelewe saa moja asubuhi. Saa hizo ndizo tunazofungua mashine.