Naomba ushauri: watoto 21 wa darasa la nne hawajui kusoma kabisa, nifanyeje

Mwl wa Zamu:
Wakuu habari za jioni. Nafundisha shule ya msingi ya serikali huku Kanda ya Ziwa, mwaka huu nimepewa darasa la nne, watoto 118 chumba kimoja. Nimewapima mmoja mmoja nikakuta 21 hawasomi, yaani sio wanasoma polepole, hawajui. Kuna mmoja nimemfungulia kitabu akasoma "jogoo" nikafurahi, nikaziba picha kwa kiganja nikamwambia rudia, akanyamaza mpaka machozi yakamlengalenga. Upimaji wa taifa unakuja na asiyefaulu anakariri darasa. Nawasaidiaje hawa bila kuwatupa wale 97? Usingizi sipati. Nawasilisha.

Bwashee wa Nzega:
Elimu bila ada hiyo. Tangu 2016 wazazi wamejaza watoto madarasani wakakaa pembeni, ruzuku yenyewe elfu kumi kwa mtoto kwa mwaka mzima. Sisi enzi zetu ukikosa silabi unachezea fimbo, na tulijua.

Mama Kulwa:
Kaka fimbo haifundishi silabi. Mdogo wangu kachapwa mpaka la tano eti kichwa kizito, kumbe macho. Shangazi akampeleka hospitali ya mkoa, siku kavaa miwani tumetoka getini akasimama anaangalia juu anauliza kumbe mwembe majani yake yanaonekana moja moja? Alikuwa na miaka 12 na mwembe tunao nyumbani. Mwalimu angalia kwanza macho na masikio, wanaokunja uso wakitazama ubao wasogeze mbele.

Chaki Nyeupe:
Mwalimu mwenzio hapa, miaka 14 kazini. Weka pembeni kitabu cha la nne. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 ulitaka mtoto aanze na sauti ya herufi sio jina lake, ila wengi bado tunaimbisha "be a ba" mtoto anakariri wimbo, ukimwandikia "ba" peke yake hana habari nayo. Wagawe kwa kiwango, wa herufi huku, wa silabi huku, wa maneno huku. Shirika la elimu la Pratham kule India ndivyo wanavyofanya, kwa saa moja au mbili mtoto anakaa na wa kiwango chake hata kama madarasa tofauti, halafu anarudi kwa wenzie. Sasa wewe unawafundisha muda gani, na mwalimu mkuu anasemaje?

Mwl wa Zamu:
Asante sana. Kusema ukweli nimeshaanza, hii wiki ya tatu. Nawatoa kipindi cha Kingereza, mwenzangu wa somo tumeelewana, tunakaa chini ya mti nyuma ya madarasa, nina kadi nimekata kwenye maboksi na vizibo vya soda vya kuhesabia. Mkuu hajui. Najua mtanisema ila mtoto asiyejua "ba" Kingereza kinamsaidia nini jamani.

Chaki Nyeupe:
Kinamsaidia kwa sababu na chenyewe kinapimwa. Siku mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anaingia anakuta watoto 21 nje ya darasa, hakuna maandishi popote, utakuwa peke yako. Na hawa la pili walifundishwa na nani? Walivukaje?

Mzee wa Kahawa:
Chai hii. Watoto 118 unawapima mmoja mmoja saa ngapi? Kitabu, kiganja, machozi, hapa tunaandaliwa, kesho inawekwa namba ya kuchangia. Na swali la la pili nasubiri ulijibu.

Bwashee wa Nzega:
Hata mie naanza kuona hivyo hivyo.

Mama Kulwa:
Hata akiwa katunga watoto wa hivyo wapo, huku kwetu wanaingia la kwanza wanajua Kisukuma tu, mwalimu anaongea Kiswahili wanamtazama mdomo.

Mwl wa Zamu:
Sichangishi chochote. Nilikuwa nabaki na watoto 12 kila siku saa nane wakishatoka, dakika tatu tatu, siku kumi nikamaliza.

La pili niliwafundisha mimi. Fomu ya KKK nilijaza mimi, nikaandika wote wanamudu. Nilikuwa mgeni kazini, tukaambiwa shule isionekane ina wasiojua, nikajaza. Ndio maana naogopa kwenda kwa mkuu. Kuna binti kwenye hao 21, bibi yake kapewa dawa zahanati mfuko umeandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, bibi hajui kusoma akamwambia mjukuu nisomee, mtoto kaona moja kaona tatu akampa vidonge vitatu kwa mpigo. Bibi alizidiwa, ila alipona. Mtoto kaja shule ananiuliza mwalimu nilikosea wapi. Nilishindwa kumjibu.

Mzee wa Kahawa:
Niwie radhi mwalimu. Ila hiyo fomu mkuu si alisaini? Basi anajua, mnaogopana bure.

Chaki Nyeupe:
Nenda kesho na daftari, majina 21, kila mmoja na alipofikia, useme na la fomu mwenyewe kabla hujaulizwa. Omba muda kabla ya kipindi cha kwanza, ndani ya chumba, Kingereza kirudishe. Na huo mfuko wa dawa ndio somo lako, omba mifuko mitupu zahanati wasome "asubuhi, mchana, jioni", waigize duka wanunue chumvi warudishiane chenji. Wanaosoma vizuri kwenye wale 97 wakae nao wawili wawili.

Mwl wa Zamu:
Asubuhi wengine wanatoka mbali, wanafika na umande miguuni hawajala kitu, ndio nikachagua Kingereza. Bado naona sikukosea sana. Ila daftari ninalo, nitaenda nalo.

Mama Kulwa:
Ongea na kamati ya shule wazazi watoe hata debe la mahindi la uji. Na yule wa jogoo kafika wapi?

Mwl wa Zamu:
Yuko kwenye "mwa". Jana kaandika Mwanza mwenyewe bila kutazama popote, kaandika "Mwaza". Leo tumefanya "nza".